MOYO NJE YA KIFUA
Habari ya wataalamu waliopima nguvu ya moyo

Mtu aliyepata kupasua kobe au chura ajua jambo hili: mnyama amekwisha kufa, kichwa kimekatwa, lakini moyo wake ungali ukipiga. Watoto huutazama na kucheka, wazee hunyamaza. Ni nani auamrishaye? Kama uhai umekwisha kutoka, mbona kipande hiki cha nyama kinaendelea na kazi yake?

Swali hili si la watoto tu. Watu wenye elimu wameliuliza kwa muda wa miaka karibu elfu mbili, na katika kutafuta jibu wamepata mambo ambayo leo yaokoa wagonjwa katika hospitali zetu. Katika habari hii twataka kueleza jinsi walivyojifunza kuutoa moyo wa mnyama, kuulisha nje ya mwili, na kuzipima nguvu zake. Msomaji asiogope maneno ya elimu. Tutakwenda polepole.

Moyo ni msuli

Katika karne ya 2, mganga Galen, Mgiriki aliyefanya kazi Roma, aliona ya kuwa moyo wa mnyama ukitolewa kifuani huendelea kupiga kwa kitambo. Akafahamu kwamba nguvu ya mapigo haitoki katika ubongo, bali imo ndani ya moyo wenyewe. Lakini hakukubali kwamba moyo ni msuli kama misuli mingine ya mwili.

Mwaka 1628 William Harvey wa Uingereza alichapisha kitabu kilichoonyesha ya kuwa damu huzunguka mwilini, na moyo ndio unaoisukuma. Hata hivyo wengi walishika mafundisho ya Descartes, aliyesema kwamba moyo ni kama jiko: huipasha damu moto, nayo damu hutanuka na kutoka kwa nguvu.

Ndipo akatokea kijana wa Denmark, Niels Stensen, aliyezaliwa Copenhagen mwaka 1638. Stensen alikuwa hodari wa kupasua na kuchunguza viungo. Akaulinganisha moyo na misuli ya mguu, akazifuata nyuzi zake moja moja, na mwaka 1664 akaandika waziwazi ya kuwa moyo si jiko la mwili wala kiti cha roho, ila ni msuli. Una nyuzi, una mishipa, hujikaza na kulegea.

Labda mtu atafikiri kwamba maneno hayo yaliipunguza imani yake. Haikuwa hivyo. Mwaka 1667 Stensen aliingia katika Kanisa Katoliki huko Firenze. Mwaka 1675 akapewa daraja la upadri, na mwaka 1677 akawa askofu, akatumwa Ujerumani ya kaskazini, ambako aliishi katika umaskini mkubwa hata kufa kwake mwaka 1686. Tarehe 23 Oktoba 1988 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri. Yule aliyeupasua moyo akaona nyama tupu ndiye aliyempenda Mungu kwa moyo wake wote. Hakuchanganya mambo mawili: moyo upimwao kwa kisu, na moyo unenwao katika sala.

Vyura wa Leipzig

Kwa miaka karibu 200 baada ya Stensen hapakuwa na njia nzuri ya kupima. Kutazama kwa macho hakutoshi, kwa sababu pigo moja hupita upesi kuliko neno moja. Karibu na mwaka 1847 Mjerumani Carl Ludwig alitengeneza chombo cha ajabu: ngoma izungukayo kwa mtambo wa saa, imevikwa karatasi, na kalamu nyepesi inayoinuka na kushuka kwa msukumo wa damu. Basi pigo la moyo, lisiloshikika, likawa mstari juu ya karatasi. Mstari waweza kupimwa leo, na kesho, na kuonyeshwa kwa mtu asiyekuwapo.

Mwaka 1866, mjini Leipzig, mwanafunzi wake Elias Cyon, mtu wa dola ya Urusi, aliutoa moyo wa chura, akaufunga katika mirija ya kioo, akaujaza maji yanayotengana na damu ya sungura, na kuuunganisha na bomba la zebaki. Moyo ukasukuma, zebaki ikapanda na kushuka, kalamu ikaandika.

Kwa nini chura? Si kwa kuwa ni mnyama duni tu. Moyo wa chura una nyama laini kama sponji, hujilisha kwa maji yaliyomo ndani ya chumba chake. Moyo wa mbwa, wa paka au wa mtu haufanyi hivyo: wahitaji mishipa yake wenyewe ya kuulisha. Ndiyo sababu chura alitangulia, na wanyama wenye damu moto wakafuata baadaye.

Mwaka 1871 Mmarekani Henry Bowditch, aliyesoma kwa Ludwig, aliligusa ncha la moyo wa chura kwa umeme kidogo. Akaona mambo mawili. La kwanza: moyo haupigi nusu nusu. Ukiguswa kwa umeme mdogo mno haujibu. Ukijibu, hujibu kwa nguvu yote uliyo nayo saa ile. La pili: moyo uliopumzika, ukiguswa mara kwa mara, pigo la pili hupita la kwanza, la tatu hupita la pili, kama mtu apandaye ngazi. Basi nguvu ya moyo haikai pale pale siku zote. Yaweza kuongezeka hali moyo ni ule ule. Kitu gani kinaiongeza?

Maji ya London

Jibu la kwanza lilitokea mahali pasipotazamiwa. Sydney Ringer alikuwa mganga wa hospitali ya University College, London. Aliwatibu wagonjwa wake kwa saa, na kila alipopata nafasi alikwenda katika chumba cha majaribio kufanya kazi na mioyo ya vyura. Mwaka 1882 aliandika ya kuwa maji yenye chumvi ya kawaida huuwezesha moyo kupiga vizuri nje ya mwili.

Lakini baadaye, maji yalipotengenezwa upya, mambo yakaharibika. Moyo ulilegea, mapigo yakawa madogo, kisha ukanyamaza. Chumvi ni ile ile, kipimo ni kile kile. Ringer akachunguza, akagundua ya kuwa maji ya kwanza hayakuwa maji safi ya mvuke kama alivyodhani. Yalikuwa maji ya bomba, yaliyoletwa mjini na kampuni ya New River.

New River ni mfereji uliochimbwa na watu na kufunguliwa mwaka 1613, kuleta London maji ya chemchemi za Hertfordshire. Chemchemi hizo hutoka katika miamba ya chokaa. Maji yakipita katika miamba hiyo huchukua chokaa kidogo, ile iitwayo na wataalamu kalsiamu. Walipoyapima, walikuta sehemu 38 hivi za kalsiamu katika sehemu milioni. Kiasi hicho ni kidogo sana, hakionekani kwa macho wala kuonjwa kwa ulimi. Na bila hicho moyo haupigi.

Ringer angeweza kunyamaza. Badala yake, mwaka 1883 alichapisha habari nyingine, akasema wazi ya kuwa habari ya kwanza ilisimama juu ya maji yasiyo safi, akasahihisha yote. Kisha akaendelea: akatia kalsiamu katika maji ya mvuke, moyo ukaamka. Akaizidisha bila kutia potasiamu, moyo ukajikaza ukashindwa kulegea vizuri. Akazidisha potasiamu, moyo ukalegea ukasimama. Hivyo akapata kipimo cha haki cha sodiamu, potasiamu na kalsiamu.

Leo twajua sababu. Katika kila pigo, kalsiamu kidogo huingia katika chembe za msuli wa moyo na kuiamsha kalsiamu nyingine iliyowekwa akiba ndani. Katika miaka ya 1960 Setsuro Ebashi wa Japani na wenzake walionyesha kitu ambacho kalsiamu hukishika ndani ya msuli, hata nyuzi zake zikavutana. Kalsiamu ikirudishwa akibani, nyuzi huachana na moyo hulegea. Ikija nyingi, pigo huwa na nguvu. Ikija chache, pigo huwa dhaifu. Hilo ndilo jibu la swali la Bowditch.

Mrija wa Langendorff

Baada ya chura, wataalamu walitaka kupima moyo unaofanana na wetu. Mwaka 1881, mjini Baltimore, Marekani, Henry Newell Martin alifaulu kuuweka moyo wa mbwa pamoja na mapafu yake ukifanya kazi mbali na mwili wote. Lakini njia iliyoenea duniani ni ya Oscar Langendorff wa Rostock, Ujerumani, aliyoitangaza mwaka 1895.

Njia yake ni nyepesi kueleza. Mrija hufungwa katika mshipa mkubwa utokao moyoni, na maji yenye joto la mwili huteremshwa ndani yake kutoka chombo kilichotundikwa juu. Maji yaja kinyume cha njia ya damu. Yakifika mlangoni mwa moyo, vilango vyake hujifunga, kwa sababu viliumbwa visiruhusu damu kurudi nyuma. Maji yakikosa njia hiyo, hupita katika mishipa miwili midogo iliyo karibu na vilango, ile inayoulisha msuli wa moyo. Basi moyo hupata chakula na hewa, nao waanza kupiga, umening'inia hewani kama tunda.

Wengine waliyatengeneza maji vizuri zaidi. Frank Locke wa London aliongeza sukari, kwa kuwa moyo nao huona njaa. Mwaka 1932 Hans Krebs na Kurt Henseleit walitunga maji ambayo hutumiwa hata leo, yenye kupulizwa oksijeni. Mwaka 1902, nchini Urusi, Aleksei Kuliabko aliamsha kwa njia hii moyo wa mtoto aliyekufa kwa ugonjwa wa mapafu muda wa saa 20 hivi kabla. Mtoto hakurudi, wala Kuliabko hakudai kwamba angerudi. Lakini watu walijifunza ya kuwa kifo cha mtu na kifo cha kila kiungo chake havitokei kwa saa moja.

Kuna nguvu za namna mbili

Hapa twafika penye ugumu wa kazi yenyewe. Wataalamu walitaka kupima nguvu ya msuli wa moyo, lakini wakaona ya kuwa moyo hubadili nguvu kwa sababu nyingi, na sababu hizo hufichana.

Mwaka 1895, mwaka ule ule wa Langendorff, Otto Frank wa Munich alionyesha kwa moyo wa chura ya kuwa ukijazwa zaidi hujikaza kwa nguvu zaidi. Ernest Starling wa London na wenzake walilithibitisha jambo hilo kwa moyo wa mbwa, wakachapisha kazi yao mwaka 1914. Waliinua chombo cha damu ili damu nyingi iingie. Moyo ukavimba kidogo, kisha ukasukuma yote uliyopokea. Kila mtoto ajuaye manati atafahamu: ukivuta mpira mbali, jiwe huenda mbali.

Lakini fikiri wapiga kasia wawili katika mitumbwi miwili iliyo sawa. Wote wavuta kasia urefu ule ule, kwa hesabu ile ile, katika maji yaliyotulia. Mmoja akimwacha mwenzake nyuma, hatuwezi kusema ni kwa sababu ya kasia wala ya upepo. Nguvu imo mikononi mwake. Ndivyo ilivyo na moyo. Nguvu iletwayo na kujazwa ni jambo moja. Nguvu ya msuli wenyewe ni jambo jingine. Hiyo ya pili ndiyo ambayo wataalamu waliitafuta.

Ili kuipata, yapasa kuyafunga mambo mengine yote yasibadilike. Hivi ndivyo wafanyavyo kwa moyo wa panya au wa sungura katika mrija wa Langendorff. Huingiza kibofu chembamba chenye maji katika chumba cha kushoto cha moyo, na kukijaza kwa kipimo kisichobadilika; hivyo msuli hauvutwi zaidi wala kupungua. Hugusa moyo kwa umeme kidogo ili hesabu ya mapigo iwe moja. Hushika joto katika digrii 37. Kisha hupima, kwa milimita za zebaki, msukumo unaofikiwa katika kila pigo, na zaidi ya hayo wepesi wake wa kupanda kwa kila sekunde. Dawa ikitiwa katika maji na mstari ukapanda upesi zaidi, wajua: ni msuli wenyewe uliopata nguvu.

Mwaka 1973 Hiroyuki Suga na Kiichi Sagawa, wakifanya kazi Baltimore, katika chuo kikuu kile kile cha Martin, waliongeza kipimo kingine. Kwa mioyo ya mbwa walionyesha ya kuwa, hata ukibadili mzigo wa moyo, uhusiano wa msukumo na ukubwa wa chumba mwishoni mwa pigo hubaki karibu vile vile. Lakini ukiupa moyo adrenalini, uhusiano huo hubadilika mara moja. Kumbe nguvu ya msuli ina alama yake yenyewe.

Sumu ya mishale

Wasomaji watauliza: Waafrika hawamo katika habari hii? Wamo.

Kuanzia mwaka 1858 hadi 1863 Livingstone alisafiri katika nchi za mto Zambezi, na pamoja naye alikuwa John Kirk, mganga na mjuzi wa mimea, aliyekuwa baadaye balozi wa Uingereza huko Zanzibar. Huko wawindaji walipaka mishale yao sumu iitwayo kombe, itokayo katika mbegu za mmea utambaao, strofantusi. Kirk aliichukua kidogo kwa kuichunguza. Husimuliwa ya kuwa mswaki wake uligusana na sumu hiyo. Asubuhi moja akaonja uchungu mdomoni, akajishika mkono, akaona mapigo yake yamepungua.

Sumu ikafika Edinburgh kwa Thomas Fraser, naye akaijaribu katika mioyo ya vyura. Akaona ya kuwa haiui kwa njia ya ubongo: hushika msuli wa moyo wenyewe, huuongezea nguvu, na ikizidi huufanya ujikaze hata usilegee tena. Mwaka 1885 akawatangazia waganga kwamba kwa kipimo kidogo sana yaweza kuwasaidia wenye moyo dhaifu. Ilifanana na dawa ya majani ya digitalisi, ambayo William Withering wa Uingereza aliieleza mwaka 1785. Na mwaka 1957 Jens Skou wa Denmark aligundua mtambo mdogo wa chembe utoao sodiamu nje. Dawa hizi huuzuia, na kwa sababu hiyo kalsiamu hubaki nyingi ndani ya msuli. Twarudi tena kwa chokaa ya Ringer.

Wawindaji wa Zambezi hawakuwa na mrija wala karatasi ya kuandikia mistari, lakini walijua mmea, mbegu, na kipimo cha kumwangusha mnyama. Elimu ya wazee wetu isidharauliwe. Wala isichezewe: kati ya kipimo kinachoponya na kile kinachoua pana nafasi ndogo sana, na ni kazi ya waganga waliosomea.

Faida iliyotufikia

Anayepita katika chumba cha wagonjwa ataona mfuko wa seromu umetundikwa, na juu yake limeandikwa jina Ringer. Ni jina la yule mganga wa vyura. Alexis Hartmann wa Marekani aliongeza laktati katika maji yake karibu na mwaka 1932, kwa ajili ya watoto wenye kuhara, na tangu hapo huitwa Ringer laktati. Ndiyo seromu inayochaguliwa kwanza kwa mgonjwa wa kolera aliyekauka asiweze kunywa. Watu wa Kivu hawajasahau mwezi wa Julai 1994, kolera ilipowashika wakimbizi Goma, wakafa maelfu kwa maelfu. Katika siku kama hizo, mfuko mmoja wa maji hayo ni uhai wa mtu.

Na lile aliloliona Ringer, kwamba potasiamu nyingi husimamisha moyo, lilipata kazi yake. Mwaka 1955 Denis Melrose wa London alionyesha ya kuwa moyo waweza kusimamishwa hivyo kwa makusudi, mganga akautengeneza, kisha ukaamshwa. Tarehe 3 Desemba 1967, huko Cape Town, Christiaan Barnard aliutoa moyo wa mtu aliyekufa akautia katika kifua cha mgonjwa. Mgonjwa yule, Louis Washkansky, aliishi siku 18. Siku hizi wengi huishi miaka mingi.

Na wanyama je?

Hatupendi kulificha jambo hili. Vyura, sungura, panya na mbwa wengi walikufa kwa ajili ya elimu hii. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1876 ya kuzuia ukatili na kuwataka wachunguzi wawe na ruhusa. Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch walifundisha kanuni tatu: kutafuta njia isiyotumia mnyama iwezekanapo, kupunguza hesabu ya wanyama, na kupunguza maumivu yao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 hufundisha vivyo hivyo: majaribio kwa wanyama yaruhusiwa yakiwa na kiasi na yakisaidia kuponya watu, lakini kuwatesa au kuwaua bure ni kinyume cha heshima ya mtu mwenyewe. Basi anayempiga punda au kumchoma mbwa maji ya moto kwa kucheka, asijitetee kwa mfano wa wataalamu.

Ndugu wasomaji, swali la mtoto aliyetazama moyo wa kobe limepata sehemu ya jibu: moyo hujiamsha wenyewe, na nguvu zake hutegemea vitu vidogo vilivyomo katika maji yake. Tukumbuke Ringer, aliyetangaza kosa lake mbele ya watu wote. Kwa kosa hilo dunia ikapata dawa. Na nyumbani, tukiona mzee au mama aliyezaa karibuni amevimba miguu, hapati pumzi akilala, huamka usiku akiketi dirishani, tusimwambie kwamba amerogwa. Huenda msuli wa moyo wake umechoka. Tumpeleke hospitali upesi, maana moyo dhaifu waweza kupimwa, na mara nyingi waweza kusaidiwa.